Ndiyo Kwanza Nasikia

Mwanamume alikuwa anatoka jasho katikati ya Februari, na hilo peke yake lilimtosha Chizuru kujua nusu ya habari yake.

Ilikuwa saa ya watu kutoka makazini, na ile ghorofa ya chini ya ardhi ya duka kubwa la Umeda, Osaka, kwenye vyakula, ilikuwa haipitiki. Wauza kachumbari wanaita, harufu ya samaki wa mkunga wa kuchoma imetanda hadi kwenye ngazi za umeme, akina mama wanasukumana kwa adabu zote huku kila mmoja akiomba radhi. Chizuru Ueshima alisimama nyuma ya kioo chake cha vitamu, amevaa aproni ya buluu iliyokolea na kitambaa cheupe kichwani, kucha fupi, mikono imekunjwa mbele ya tumbo. Mteja wake alivaa suti nyeusi iliyopigwa pasi ikapigwa tena, tai imembana shingo. Alikuwa amevikodolea macho vikeki vyenye umbo la maua, lakini havioni.

"Karibu sana, mteja wetu," alisema Chizuru kwa sauti ya kaunta, ile ya juu, nyembamba, tamu kama shira.

"Nataka kitu kizuri. Cha kumpelekea mtu. Mtu mzima kidogo. Mwenye... mwenye nafasi yake."

"Nimekuelewa."

Hakuuliza ni cha nini. Mkono wake ulivipita vikeki vya maua, ukavipita vya waridi, ukashuka rafu ya chini kabisa na kutoa halua ya maharage mekundu, mapande mazito yaliyopangwa kwenye kisanduku kama matofali. Akaifunga kwa karatasi ya rangi iliyotulia, bila ukanda mwekundu na mweupe wa sherehe. Kisha akazunguka kaunta, akamkabidhi kwa mikono miwili na kuinama.

"Samahani, mzigo wenyewe mzito kidogo."

Mwanamume aliupokea na mikono ikamshuka. Akautazama mzigo, akamtazama msichana.

"Dada, umejuaje kama naenda kuomba radhi?"

"Mimi?" Chizuru akapepesa macho. "Ndiyo kwanza nasikia."

Mteja huyo alirudi kesho kutwa yake, safari hii bila tai na hatua zake nyepesi. Aliitwa Ryohei Kusaka, mhandisi wa kampuni ya lifti, na mojawapo ya lifti zake ilikuwa imemkwamisha bibi harusi katikati ya ghorofa, yeye na gauni lake na shangazi zake.

"Wageni wako ukumbini wanakunywa supu," alisimulia huku ameegemea kioo kama mwenyeji, "bibi harusi yuko juu huko anawaimbia shangazi wasilie. Mzee mwenye ukumbi amenuna, hata kuniangalia hataki. Nikampa kile kisanduku. Mikono ikashuka, kama yangu. Akasema 'Mm.' Akashusha pumzi. Basi, yakaisha!"

"Hee! Bibi harusi ndani ya lifti? Maskini wee!"

"Wewe ulijua."

"Nilijua nini?"

"Yote."

"Ya shangazi sikuyajua, mteja wetu, nakuapia."

Ryohei alicheka kicheko cha kuwageuza watu shingo mpaka kwenye kaunta ya samaki. Chizuru naye aliinamisha uso ili asionekane, maana mashavu yalikuwa yamepata moto.

Mkuu wa kaunta, Bi Tokuda, mama mfupi mwenye nywele nyeupe zilizochanwa zikalala, aliyaona hayo na asiseme neno. Kutosema neno ndiyo ilikuwa kazi yake ya maisha, na wallahi aliijua. Ndiye aliyemfundisha Chizuru kila kitu.

"Chizu, mtu hanunui vitamu hapa," alizoea kumwambia wakati wa kukunja karatasi. "Ananunua mahali pa kusemea habari yake. Mtu ana mimba, hajamwambia hata mama mkwe, anakuja hapa anataka wewe umshangilie. Ukimwambia ulijua tangu jana alipokataa chai, umemwibia mali yake. Ukijua, jua kimya. Akisema, shangaa."

Na ikibidi kukiri kwamba ulijua, kulikuwa na namna zake. Kwa mkubwa mwenye cheo unainama na kusema ulikuwa umebahatika kulisikia hilo. Kwa jirani unasema ulikuwa unahisihisi tu. "Lakini kupiga paja na kusema 'Nilijua mimi!'" Bi Tokuda alikuwa akimalizia, "hiyo ni ya watu wako wa nyumbani. Hiyo haiuzwi hapa."

*

Mapenzi yao hayakuwa ya maneno ya asali. Yalikuwa ya utani na ya simu.

"Uko wapi?"

"Niko juu ya lifti."

"Basi shuka."

"Nasema juu yake, Chizu, kwenye paa lake, ndani ya shimo. Nimefunga mkanda, nakuwaza wewe."

"Wewe waza mkanda kwanza! Mimi nitakuwepo ukishuka."

Siku zake za mapumziko Chizuru alifungua nywele, akavaa koti lake la rangi ya haradali na viatu vyekundu, na Ryohei kila mara alisimama kituoni akijifanya hamjui. "Samahani, dada, namngoja mwuza halua mmoja, umemwona?" Wakaenda mtaa wa Tenma kula maandazi madogo ya pweza, yale yanayounguza ulimi, wakigombea la mwisho kwa vijiti vya meno.

Ilikuwa hapo Tenma, mchuzi umemganda Ryohei kidevuni, alipoomba jambo lake la pekee.

"Niahidi kitu. Ile sauti ya kaunta, usinitolee mimi."

"Sauti ipi, mteja wetu?" alisema Chizuru, juu, nyembamba, tamu.

"Hiyo! Hiyo hiyo! Unaona? Inanipiga baridi mgongoni. Siku ukinitolea kwa kweli, nitajua nimehamishwa, nimepelekwa upande wa pili wa kioo."

"Futa kidevu," alisema Chizuru kwa sauti yake mwenyewe, ile ya kwao Sakai, nzito na ya chini. "Nimekuahidi."

Alimpenda, na aliupenda pia ule uso wake usiojua kuficha. Mtu ambaye kazi yake ni kusoma nyuso siku nzima hupumzika sana akikutana na uso ulio wazi. Mwaka ulipita hivyo, na maua ya micheri yakachanua na kuanguka.

Halafu Machi nyingine ikafika, na Machi ndiyo mwezi wa uhamisho.

Kwanza Ryohei aligawa baiskeli yake. Alisema imemchosha. Kisha akaanza kumpeleka Chizuru, kila Jumamosi, kwenye kila mahali alipowahi kupapenda Osaka: kwa yule mzee wa tambi, kwenye kile kimgahawa cha vijiti vya nyama, halafu Tenma tena kwa pweza, na kila mahali alikula polepole, akitazama ukuta na taa. Chizuru alimwona anatupia jicho soksi nene za sufu dirishani. Aligundua kwamba akizungumzia maua ya mwaka ujao, yeye Ryohei anajibu "mm" na kubadilisha mazungumzo.

Hakuhitaji kuambiwa. Anahamishwa, na anapelekwa kwenye baridi.

Hakukasirika. Kila Machi aliwauzia watu vitamu vya kuagana, akajua mambo yao yalivyo. Mtu anaitwa chumba cha mikutano, mlango unafungwa, anaambiwa kwa sauti ya chini anakopelekwa. Kuanzia hapo mpaka tangazo libandikwe ni mwiko kumwambia yeyote, hata wa kitandani kwake. Wako wanaovunja mwiko huo. Ryohei hakuwa mmoja wao, na Chizuru alimpenda zaidi kwa hilo. Alimtazama akihangaika na siri yake kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa hadi ukingoni, asimwage hata tone, na moyoni akasema: beba tu, mpenzi wangu, mimi nakungoja. Siku ukisema nitashangaa, halafu tutapanga.

Jumamosi moja kwenye simu alimwuliza, "Kesho unafanya nini?"

"Kesho? Nalala. Nalala mpaka jua linizomee."

"Haya lala, mvivu wangu. Mimi niko zamu."

Kesho yake, saa za asubuhi, Chizuru aliinua macho kutoka kwenye mizani na kumwona. Ryohei alikuwa amesimama kwenye kaunta ya ng'ambo, ya wale washindani wao wa miaka yote, amempa mgongo. Suti ya buluu. Nywele zimekatwa leo, masikio yametokeza kama yameona baridi. Viatu vinang'aa. Alilipa, akapokea mfuko kwa mikono miwili, akageuza shingo huku na huku kama mwizi wa kuku, akazipanda ngazi za umeme mbiombio.

Ufundi wote wa Chizuru ulimsomea kabla hajauomba. Suti ya buluu, si nyeusi, basi si radhi wala msiba. Nywele za leo. Kisanduku cha wastani, chepesi, kwa sababu uzito ni wa anayeomba radhi; anayekwenda kuomba binti anapeleka ulaini. Huyu ni mwanamume anayekwenda kujionyesha kwa wazazi wa mwanamke.

Na hakununua kwake. Na alisema analala.

Wakubwa wa makampuni wana tabia hiyo, alijua: kijana anapelekwa mbali, bosi anamtafutia mchumba wa haraka, binti wa rafiki yake, ili asiende huko peke yake akaanza kunywa. Kila kitu kililingana, tena vizuri mno.

"Bi Tokuda," alisema polepole, "umemwona huyo?"

"Nani?" Bi Tokuda alikuwa ameinamia mizani, anaifuta kwa bidii pahali palipokuwa safi. "Macho yangu siku hizi, mwanangu, yananiibia tu."

*

Tangazo lilibandikwa Jumatatu, na jioni hiyohiyo Ryohei alimwita kwenye daraja la Nakanoshima. Upepo wa mtoni ulikuwa mkali. Chizuru alikuja na koti lake la haradali, akamkuta amevaa ileile suti ya buluu. Roho ikamwuma upya. Mkono wa kulia wa Ryohei ulikuwa mfukoni na hautoki.

"Chizu. Kuna jambo nimekaa nalo, na lilikuwa linanikaba. Leo ndiyo nimeruhusiwa." Akarekebisha tai kwa mkono wa kushoto. "Nahamishwa. Sapporo, kule kaskazini. Jumapili naondoka."

Akamtazama usoni kwa macho ya mtu anayengoja.

Chizuru alikuwa amelifanyia mazoezi jambo hili wiki nzima. Alikuwa amepanga kushangaa kidogo, kisha kumkumbatia. Lakini sasa kati yao alisimama yule binti wa rafiki wa bosi, amevaa kimono kizuri, amekunja mikono. Machozi yalimjia mpaka kopeni. Akayafungia mlango. Na pale alipoufunga ule mlango, kitu kingine kikatoka chenyewe, kwa mazoea ya miaka: mikono ikakunjana juu ya aproni isiyokuwepo, shingo ikainama kidogo.

"Hee! Sapporo? Jamani, hongera sana! Kule kaa ni watamu, na hewa nzuri. Nakutakia kazi njema."

Juu, nyembamba, tamu.

Ryohei alirudi nyuma hatua moja. Treni ilipita juu ya daraja la pili.

"Ulijua?" aliuliza.

"Mimi? Ndiyo kwanza nasikia."

Mkono wa Ryohei ukatoka mfukoni, mtupu. Akainama, vizuri kabisa, kama mteja aliyehudumiwa.

"Asante, dada," alisema, akaenda zake.

Chizuru alibaki na upepo. Nusu yake ilitaka kumkimbilia, nusu nyingine ikamwambia mwache aende kwa huyo wake. Usiku alipiga simu. Ikaita, ikaita, ikakata. Kesho yake Ryohei alipiga. Chizuru akaiangalia simu inavyotetema juu ya meza mpaka ikatulia. Wajinga wawili, wanaopendana, kila mmoja na kiburi chake.

*

Katikati ya juma ilikuwa sikukuu ya kuwakumbuka marehemu, na Chizuru alikwenda Sakai kwa baba yake. Mzee Kinji Ueshima alikuwa akitengeneza mipini ya visu, na nyumba yake ilinukia mbao zilizorandwa na chai ya jana. Chizuru alivua viatu, akaenda moja kwa moja kuwasha ubani mbele ya picha ya mama yake.

Hakuuwasha. Mbele ya picha kulikuwa na kisanduku cha vitamu, kimefunguliwa, nusu imeliwa. Karatasi yake ilikuwa imekunjwa vizuri pembeni, na karatasi ile Chizuru angeijua hata gizani. Ya washindani.

"Baba. Hivi vimetoka wapi?"

Mzee alijikohoza. "Nimenunua mwenyewe."

"Umeda? Wewe ambaye hujapanda treni tangu mwaka juzi?"

"Nilikuwa na... nilikuwa na hamu."

"Baba."

"Mimi sijui kitu! Usiniulize, nimeahidi!" Alishika patasi, akaitazama, akaiweka chini. "Alikuja Jumapili, basi. Na suti ya buluu. Alipiga magoti hapo ulipo, nikamwambia kaa vizuri kijana, hataki. Alipoinuka miguu imekufa ganzi, akaangukia mbao zangu."

Chizuru aliketi sakafuni, pwaa.

"Nilijua anachotaka kabla hajavua viatu," mzee aliendelea, sasa amechangamka. "Nywele zile! Lakini nikamwacha aseme. Aliposema nikashangaa. Chizu, nilishangaa vizuri mno. Nikatoa 'Hee!' mpaka paka akakimbia."

"Kwa nini hakununua kwangu?"

"Nilimwuliza hivyohivyo. Akasema, angenunua kwako ungejua kabla hajalipa. Akasema, 'Mzee, binti yako anajua habari za watu wote kabla yao. Nampenda kwa hilo, namvulia kofia. Lakini hili moja, nataka limfike bila kujua. Nataka nimwone akishangaa, mara moja tu.'"

Kila kitu Chizuru alikisoma sawasawa: suti, nywele, kisanduku chepesi, mwanamume anayekwenda kuomba binti. Alikosea nyumba tu. Aliweka uso kwenye magoti na kulia kwa sauti, na mzee, asiyejua la kufanya na mtu anayelia, akamsogezea kitamu kimoja.

"Nimemtolea sauti ya kaunta, Baba."

"Ah. Ile." Mzee aliitazama picha ya mkewe. "Na mimi ulinitolea. Siku ya kumzika mama yako. Watu walikuwa wanaingia, unawaambia asante kwa kuja, asante kwa kuja. Nikaingia mimi, ukaniambia hivyohivyo. Nilikaa muda mrefu nikidhani umenikasirikia."

"Sikukukasirikia. Ningeifungua sauti yangu siku ile, nisingeweza kuifunga tena."

"Najua sasa. Nilikuja kujua baadaye." Alimshika bega kwa mkono wake mgumu. "Lakini yeye anaondoka Jumapili, mwanangu. Huyo hana hiyo baadaye."

"Na wewe utabaki na nani?"

"Nina paka. Usinifanye mimi kisingizio."

*

Ijumaa, siku yake ya mwisho ofisini, Ryohei alilazimika kuja. Mhamishwa haondoki bila kuwagawia wenzake vitamu, na kwenda kaunta ya washindani mara ya pili kulimshinda. Alijipanga kwenye foleni, suti ya kijivu, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Nyuma yake kulikuwa na foleni ndefu ya watu wa Machi. Mbele ya kioo aliongea akitazama bei.

"Naomba vile vidogo, vinavyofungwa kimoja kimoja. Vya kuwaagia wenzangu."

Mkono wa Chizuru ulishuka rafu ya chini kabisa. Alitoa kisanduku kilichofungwa kwa karatasi iliyotulia, bila ukanda, akazunguka kaunta na kusimama mbele yake.

"Mzigo wenyewe," alisema, "mzito kidogo."

Ryohei aliupokea. Mikono ikamshuka.

"Hiki sikuagiza."

"Sijakiuza. Ni changu, nakuletea wewe."

Alielewa. Chizuru aliona anavyoelewa, kwa ule uso usioficha. Lakini aliona pia kwamba haitoshi, kwamba halua haiwezi kusema badala ya mtu. Watu walikuwa wanangoja, Bi Tokuda alikuwa anatazama, na sheria yote ya kaunta ile ilikuwa imemfunga mikono. Akapiga moyo konde, akapiga na kioo, kofi la kweli, vikeki vikaruka.

"Nilijua mimi!"

Ilikuwa sauti ya Sakai, nzito, ya chini, ya nyumbani. Foleni nzima ikamkodolea macho.

"Nilijua Sapporo tangu ulipogawa baiskeli! Nilijua ulipokuwa unawaaga pweza! Nilikuona Jumapili na masikio yako hayo, nikajua unakwenda kuomba mke, nikakosea nyumba tu, Ryohei. Nyumba! Nikadhani kuna mwingine, ndiyo maana nikakutolea ile sauti. Nimekula vitamu vyako kwa Baba. Na sasa hivi najua kilichomo mfukoni kwako, huo wa kulia, na najua utakachosema neno kwa neno."

Ryohei aliukumbatia mzigo wake. Kidevu kilikuwa kinamtetemeka, hakijulikani kinaelekea kulia au kucheka.

"Sasa kama unajua kila kitu, mimi niseme nini?"

"Sema hivyohivyo. Nataka kusikia."

Akaweka halua chini, kwa adabu, katikati ya miguu ya watu. Akatoa kile kisanduku kidogo cha pete alichokuwa akitembea nacho tangu darajani.

"Chizuru Ueshima. Nataka kukuoa. Twende wote. Kama huwezi sasa, nitakungoja. Kama huwezi kabisa, nitaomba kurudi kila mwaka mpaka wanichoke. Lakini nataka kukuoa."

Chizuru alikuwa ameyajua. Alikuwa ameyarudia treni nzima kutoka Sakai, na hakuna hata neno moja lililokuwa geni. Na bado, yalipotoka kwenye mdomo wa mtu huyu, mbele yake, yana pumzi na yanatetemeka, kitu kilimtoka bila ruhusa.

"Heeee?!"

Ilikuwa kubwa, mbaya, ya kukimbiza paka. Mikono haikukunjana popote; ilikuwa hewani, ovyo. Kitambaa cheupe kikamteleza kichwani na machozi yakashuka bila mlango wowote.

"Hiyo siyo ya kaunta," alisema Ryohei, naye analia.

"Siyo."

"Kwa hiyo umeshangaa."

"Nimeshangaa, mjinga wewe! Nilijua na nimeshangaa!"

"Na jibu?"

"Jibu hulijui?"

"Ndiyo kwanza nangoja kusikia."

"Ndiyo. Nakuja. Nipe mpaka maua yaishe, nimfundishe mtu kukunja karatasi, halafu nakuja na masoksi yangu."

Watu walipiga makofi mpaka kwenye kaunta ya mikunga. Mama mmoja wa foleni, koti la madoa ya chui, mfuko wa vitunguu mkononi, mtu ambaye hakuwajua hata kidogo, alimgeukia aliye nyuma yake kwa majivuno: "Nilijua mimi! Tangu alipoanza kutazama bei!"

Bi Tokuda ndiye aliyeshangaa kuliko wote. Alikuwa ameweka mkono mdomoni, macho yamemtoka, nyusi ziko juu kabisa.

"Hee! Jamani! Hata siamini! Chizu, mwanangu!"

Kisha akainama chini ya kaunta kutafuta kitambaa cha kumfuta machozi. Alipoinuka alikuwa na kitambaa, na chini ya kitambaa kulikuwa na kisanduku cha vikeki vyekundu na vyeupe, kimekwisha kufungwa. Kilikuwa na ukanda wa harusi, na katikati yake lile fundo linalofungwa mara moja na halifunguki. Mikunjo ya karatasi ilikuwa imetulia kama karatasi inavyotulia ikikunjwa asubuhi, kabla duka halijafunguliwa.

Chizuru alikitazama. Akamgeukia Ryohei, naye ghafla akapendezwa sana na dari. Akakumbuka mizani iliyofutwa pahali palipokuwa safi.

"Bi Tokuda. Wewe ulijua tangu lini?"

"Mimi?" Bi Tokuda akakunja mikono juu ya aproni, akainamisha shingo kidogo, na kumgeukia mteja aliyefuata kwenye foleni. "Ndiyo kwanza nasikia."